Baba Alipovuka Hori

Jumatatu, 14 Juni 1971

Rasharasha tangu alfajiri. Ukungu mpaka mlangoni. Nimekata majani ya ng'ombe, nimekamua, nimefika shuleni nimelowa mpaka kiunoni. Wiki ya mwisho kabla ya likizo na watoto wamekwisha kufunga shule vichwani mwao. Darasa la sita, jiografia: rasi, ghuba, hori. Nimechora ubaoni maji ya bahari yakiingia ndani ya nchi kavu kama ulimi. Nimechora vizuri. Bahari yenyewe sijaiona hata siku moja.

Mchana barua ya Elia. Mdogo wangu huyu ni Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, huko pwani, zaidi ya Tanga mjini, kwenye kijiji cha wavuvi. Ameandika: "Dada Anasia, njoo likizo hii uone tunapokaa. Mwanaidi anakuulizia kila mara. Hori letu ni zuri kupita nitakavyoweza kueleza." Kuhusu Baba, hakuandika neno.

Baba aliona stempu ya Tanga. Akaendelea kunywa mtori wake.

Jumanne, 15 Juni

Baba amesema leo, wakati nafunga banda.

"Nenda. Mwambie Elia arudi na mke wake kabla mwaka haujaisha. Nyumba yake inamngoja."

Nyumba yake. Kwa mila yetu, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka: kahawa, migomba, yote. Kaka Natanaeli alikatiwa sehemu yake chini ya barabara, naye yuko Arusha. Mimi ni mwanamke, nina miaka thelathini na sita, sikuolewa. Mimi ndiye ninayepalilia, ninayekamua, niliyemwosha Mama alipokuwa hajiwezi. Elia akirudi na mke, mimi nitakuwa mgeni jikoni kwa watu wengine.

Nimeosha masufuria kwa kelele.

Nitaandika ukweli maana hapa hakuna anayesoma. Nataka Elia akatae. Naona aibu. Lakini nataka akatae.

Jumamosi, 19 Juni

Kwenye treni, tumeshaondoka Moshi. Naandika juu ya goti.

Baba alisema atanisindikiza kubeba kapu la ndizi. Amevaa koti la kanisani na buti za mpira. Nilipokwenda dirishani kukata tikiti, akaja nyuma yangu akakata ya kwake.

"Ujumbe wangu nitaupeleka mwenyewe."

Nikauliza nani atakamua. Akasema Mama Felista, jirani. Alimwomba tangu Jumatano. Siku tatu nzima alikuwa anajua, na usiku nilikaa namwachia maagizo ya dawa yake ya kifua!

Nilikasirika mpaka Kahe. Halafu nilimtazama amekaa wima na buti zake, kapu kati ya miguu, ameshika kofia kwa mikono miwili kana kwamba yumo kanisani. Nikageukia dirishani nikacheka.

Naogopa watakavyoonana. Elia alioa miaka minne iliyopita, ndoa ya kwao pwani, na Baba hakwenda. Mama alipofariki mwaka juzi, Baba alimpelekea Elia habari kwa maneno matatu: njoo peke yako. Akaja peke yake. Akatupa udongo kaburini, akaondoka siku ile ile. Tangu hapo hawajaongea.

Jumapili, 20 Juni

Tumefika. Joto linanata. Lori la kijiji lilitupokea Tanga, nikakaa mbele, Baba akakataa kukaa mbele, akapanda nyuma na nyavu.

Elia alikuwa ananingoja mimi tu. Lori liliposimama akaja mbio akicheka, halafu akaona buti zinashuka. Alisimama palepale. Amenenepa kidogo. Ana mvi moja moja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Akalichukua kapu. Basi. Yote ni hayo, baada ya miaka miwili.

Mwanaidi alitoka na khanga kichwani, akapiga magoti kwa mbali kabisa. Baba alimpokea salamu akitazama paa. Kwa wazee wa kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hawapitani karibu, hata kikombe hawapeani mkononi. Naona Elia alimwambia yote hayo, maana alikiweka kikombe cha chai juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua nne. Nilimpenda pale pale, na hilo sikulitaka.

Wana mtoto wa miaka miwili, Riziki. Amemkamata Baba ndevu mara moja. Hakuna mtu aliyemfundisha yeye mila.

Jumatatu, 21 Juni

Nimeliona hori.

Nyumba iko mwinukoni, ukitoka nyuma unaliona lote. Nilidhani litakuwa kama mto. Siyo. Bahari imejipenyeza kati ya ardhi mbili na kutulia humo ndani, kijani, bila mawimbi, na mikoko imesimama majini kando zote mbili kama watu waliopandisha nguo wavuke. Upande wa ng'ambo kuna ufuko mweupe na mivinje. Mbali kabisa, kwenye mlango wa hori, ndipo unaona mstari wa povu na kusikia ngurumo.

Nilikaa pale mpaka Mwanaidi akaja kuniuliza kama naumwa.

Siumwi. Ni uzuri tu. Sikujua kwamba uzuri unaweza kumchosha mtu.

Jumanne, 22 Juni

Asubuhi maji yamekwenda! Yote! Jana palikuwa na kina, leo palikuwa na mchanga, tope, majani ya bahari yamelala. Katikati umebaki mkondo mwembamba wa maji ya magoti. Mwanaidi alicheka nilivyoshangaa, akanipa ndoo, tukashuka.

Saa tatu nzima tumetembea chini ya bahari. Kaa wadogo wekundu, kila mmoja ana mkono mmoja mkubwa, wanapunga kwa pamoja. Ukipiga hatua wanaingia shimoni kwa pamoja. Kiti cha pweza, kitu chenye ncha tano, kigumu kama ngozi iliyokauka. Tumechimba kome. Miguu ilizama kwenye tope nikapiga kelele kama mtoto. Mwanaidi akanifundisha: usisimame, usikanyage kisigino, tembea upesi kwa vidole.

Akaniambia pia kwamba wiki hii ni bamvua. Mwezi mpya. Maji yanakwenda mbali kuliko siku zote na yanarudi kwa nguvu kuliko siku zote. "Wifi, ukiona mkondo unageuka, toka. Usimalize hata kome mmoja."

Njiani akaniuliza, bila kunitazama: "Baba amekuja kutuhamisha?"

Nikasema sijui. Uongo.

Mama yake anakaa nyumba ya tatu, haoni vizuri. Yeye ndiye anayemshika mkono kwenda kisimani. Elia hakuandika hilo katika barua yoyote.

Baba alikaa barazani siku nzima. Alimtazama Elia akiwafundisha wavuvi kupima matundu ya wavu.

Jumatano, 23 Juni

Vita vya chakula. Baba hali samaki. Kwao walisema samaki ni nyoka wa majini, na miaka sitini na minane haijambadilisha. Mwanaidi alipika changu, akapika kamba, leo amepika wali wa nazi na pweza. Kila mara Baba anakula wali pembeni, anasukuma sahani taratibu, anasema "Asante, nimeshiba" kwa ukuta. Mwanaidi anaingia jikoni. Namsikia anavuta pua.

Nilimwambia Baba kwa Kichagga kwamba anamwumiza. Akasema hajui kula nyoka kwa ajili ya adabu. Nikamwambia ni mkaidi. Akakubali.

Tatizo lingine ni chai ya rangi. Baba hajawahi kukaa siku nne bila maziwa. Yuko kama mtu aliyefiwa. Jioni alisimama ghafla barazani, akakinga macho kwa kofia.

"Anasia. Kule ng'ambo. Yule siyo ng'ombe?"

Alikuwa ng'ombe. Mmoja, mwekundu, chini ya mivinje. Baba alimtazama mpaka giza likamficha.

Alhamisi, 24 Juni

Nitaandika kwa mfuatano nisichanganye.

Elia aliondoka alfajiri kwenda Tanga kwenye mkutano. Wanaume wa kijiji walikuwa nje baharini. Saa nne mimi na Mwanaidi tulikuwa jikoni. Baba akachukua fimbo yake, akashuka horini na buti zake bila kumwambia mtu. Maji yalikuwa yamekwenda mbali. Amevuka.

Tulimkosa saa tano. Nilimwona ng'ambo, mdogo kama kijiti, ameketi na mtu mwingine karibu na ng'ombe. Nikacheka! Mwanaidi hakucheka. Aliyatazama maji, akasema, "Arudi sasa." Tukapiga kelele, tukapunga khanga. Akatupungia na yeye.

Saa saba ndipo alipoondoka kule. Mkondo ulikuwa umegeuka zamani. Kutoka juu niliona vizuri, na hilo ndilo sitalisahau: maji hayakuja kutoka mbele yake. Yalimzunguka. Yaliingia nyuma yake na kando yake, kimya, na yeye anatembea kwa mwendo wake wa kukagua kahawa. Alipofika kwenye fungu la katikati akaona maji pande zote. Akajaribu kuzunguka karibu na mikoko. Kwenye tope. Akasimama.

Usisimame. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Buti zilikuwa zimeshikwa. Maji ya magoti. Maji ya mapaja.

Mimi siwezi kuogelea. Nilishuka mpaka maji yakanifika kifuani, nikarudi, nikashuka tena. Sijawahi kuwa mtu bure namna ile.

Mwanaidi alinitupia Riziki mikononi. Akafunga khanga kiunoni, akasukuma mtumbwi wa jirani peke yake, akaruka ndani na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Alikuwa anausukuma kwa mwili wote. Mkondo ulimpeleka pembeni mara mbili. Alipomfikia, maji yalikuwa kiunoni mwa Baba, na Baba ameinua mkono mmoja juu, ameshika chupa.

Sauti inasafiri juu ya maji. Nilisikia kila neno.

"Baba, nipe mkono!"

Akatikisa kichwa. "Mwite mumeo."

"Mume wangu yuko mjini, Baba! Maji yako hapa!"

Hakutoa mkono. Niliona kwamba hatautoa. Nilifikiri: atakufa kwa sababu ya heshima, mbele ya macho yangu. Nikamchukia. Kweli, kwa dakika ile nilimchukia.

Ndipo Mwanaidi alipoacha kumwita kwa upole. Alimfokea. Sijapata kusikia mtu akimfokea baba yangu. "Huyu mtoto atamjua nani kwa upande wa babake? Nimwambie babu yake alikufa kwa kunionea haya? Lete mkono!"

Baba akamtazama. Akampa chupa kwanza. Mwanaidi akaipokea, akailaza ndani ya mtumbwi. Kisha Baba akampa mkono. Kisha wa pili.

Alimvuta. Mtumbwi ulilala ubavu, nikafumba macho. Nilipofumbua, Baba alikuwa ametoka ndani ya buti zake, ameangukia ndani kwa tumbo, amelowa, anateleza, kama ndama anayezaliwa.

Walipofika ufukoni Mwanaidi aliketi mchangani akalia kwa sauti. Baba alisimama pekupeku. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga. Alifungua kizibo, akanusa chupa, akamgeukia Mwanaidi. Si kwa ukuta. Si kwa paa.

"Mwanangu," alisema, "yachemshe maziwa haya. Ni ya mtoto. Yasije yakaganda."

Ijumaa, 25 Juni

Baba ana homa kidogo na mikwaruzo miguuni. Mwanaidi amempaka mafuta ya nazi. Kwa mikono yake. Baba ameacha apakwe, amefumba macho, ananung'unika kwamba mafuta yananuka chakula.

Elia alirudi jana jioni akakuta kijiji kizima kinasimulia. Alikwenda kukaa karibu na kitanda cha Baba mpaka akalala.

Leo mchana wameongea. Baba alitaka na mimi niwepo. Na Mwanaidi pia, ndani, kwenye mkeka, si mlangoni.

Elia alianza. "Baba, sirudi. Si kwa hasira. Kazi yangu iko hapa. Mama mkwe haoni, hana mwingine. Najua kihamba ni changu na najua unachofikiri. Sirudi."

"Najua," Baba akasema. "Tangu Jumanne najua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakutazama kwanza. Unafundisha vizuri. Huwapigii watu kelele."

Nje watoto walikuwa wanakimbizana. Halafu Baba akasema, taratibu, akitafuta Kiswahili chake ili Mwanaidi aelewe kila kitu: "Siku ya kumzika mama yenu nilikosea. Nilimwambia mtoto wangu aje bila mke wake. Mama yenu angekasirika. Nisameheni nyote wawili."

Elia alitoka nje. Nilimsikia anamimina maji, ananawa uso, anamimina tena. Mwanaidi alisema, "Yamekwisha, Baba," akashika mguu wa Baba kupitia shuka.

Nilifurahi. Elia amekataa, kama nilivyotaka. Furaha yangu haikufika hata jioni. Kwa sababu Elia akikataa, kihamba hakiji kwangu. Kitakwenda kwa Natanaeli, naye ana mke mwenye mpango wa kila kitu. Au kwa watoto wa baba mdogo. Nimekuwa namwogopa mtu asiye wa kuogopwa. Angalau Elia na Mwanaidi wangeniachia chumba.

Jioni Baba alionja changu wa kupaka. Kipande cha ukubwa wa kidole. Sote tuliacha kutafuna. Akasema ana miiba mingi. Akala kingine.

Jumamosi, 26 Juni

Siku ya mwisho. Mawio tumeshuka horini wote, maji yamejaa mpaka shina la mikoko. Elia alitupeleka kwa mtumbwi mpaka karibu na mlango, pale ghuba inapoanza. Maji yalikuwa mangavu nikaona kivuli cha mtumbwi wetu kinatambaa chini kwenye mchanga, na samaki wa mistari wanapita ndani ya kivuli. Baba alishika kingo kwa mikono miwili safari nzima. Lakini alitazama. Alimwuliza Elia maji yanapokwenda yanakwenda wapi. Elia akamweleza habari ya mwezi, kwa subira, akichora kwa kidole juu ya ubao wenye maji. Niliwaona vichwa vyao viwili karibu, wana kisogo kimoja.

Mwanaidi amenipa khanga yake mpya, tumelia. Amesema atakuja kwetu Mwika Desemba, kama Baba ataruhusu. Baba alisema kuna baridi, aje na sweta.

Baba amesafiri na kandambili za Elia. Buti ziko chini ya bahari.

Jumapili, 27 Juni

Nyumbani. Lakini niandike ya kwenye treni.

Asubuhi tulipokaribia Kahe mawingu yalikuwa yamefunguka na mlima umetoka wote, mpaka theluji. Abiria walihamia upande wetu. Baba hakutazama mlima. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nyumba utabaki nayo wewe," alisema.

Sikusikia vizuri. Treni ina kelele. Akarudia kwa Kichagga.

"Nyumba na kihamba cha kuizunguka. Elia nimemwambia jana, amekubali kabla sijamaliza."

Nikauliza, na ukoo? Na Natanaeli?

"Nitaongea nao nikiwa hai. Watapiga kelele. Watanyamaza."

Nikamwuliza kwa nini sasa. Alifikiri mpaka treni ikasimama.

"Miaka yote nilikuona kama mtu anayepita," alisema. "Binti hukaa nyumbani kwa muda, kisha huenda kwake. Nilikuwa nangoja uende. Kule majini niliwaza, nikifa hapa, huyu anarudi wapi? Sikuwa na jibu. Niliona vibaya."

Nilishindwa kusema asante. Nilikasirika, hasira ya miaka mingi, ikaja yote kwa pamoja hapo hapo stesheni ya Kahe mbele ya wauza ndizi. Nilimwambia nilimwosha Mama. Nilimwambia kuhusu majani ya kila asubuhi. Nilimwambia "nyumba yake, nyumba yake," nikalia. Hakujitetea. Alinunua ndizi mbivu, akamenya, akanipa.

Tulikula zote mpaka Moshi.

Jumamosi, 3 Julai

Baridi. Jua lilitoka saa nne, dogo.

Natanaeli amekuja kutoka Arusha, amepiga kelele siku mbili, ameondoka asubuhi. Wazee wa ukoo watakaa Jumapili ijayo. Wawili wamekwisha kumwambia Baba kwamba hawana neno. Mmoja ana neno. Sijui itakuwaje. Nimelala vizuri hata hivyo.

Baada ya chai Baba aliniita tukazunguke kihamba. Alitangulia na panga, mimi nyuma. Alinionyesha masale, mimea ya mpaka, shina kwa shina, na kusema lipi lilipandwa na babu na lipi alilipanda mwenyewe baada ya ugomvi na jirani. Alinionyesha mibuni mizee na miche mipya, mgomba wa ndizi za pombe, mgomba wa mtori, mahali ambapo udongo unateleza. Nayajua yote. Nimeyapalilia tangu nikiwa na miaka saba, na lile shina analosema alilipanda yeye, nililipanda mimi.

Nilimwacha anionyeshe.

Kwenye mfereji wa juu alichoka, akakaa juu ya jiwe, akavua kofia. Maji yalikuwa yanapita, baridi, safi, yanatoka mlimani. Nikakaa karibu naye. Kahawa imeanza kuwa nyekundu upande wa mashariki. Wiki ijayo tutaanza kuchuma.